Daktari wa meno ya mtoto wako: mambo ya kuuliza kabla ya kukubali jino ling'olewe

Gego la mtoto wa miaka 5 limetoboka. Mzazi anaambiwa, "Ling'olewe tu, litaota jingine." Kuota litaota, lakini magego ya utoto huachia mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12. Hapo katikati, gego la kwanza la ukubwani, linalochomoza nyuma kabisa kwenye miaka 6, husogea mbele na kula pengo. Jino lililokuwa likisubiri chini ya ufizi hukosa njia, likatokea pembeni au likakwama.

Kwa hiyo muulize daktari kwanza: "Hili linaokoleka?" Bingwa wa meno ya watoto ataangalia, mara nyingi kwa picha ya eksirei, kama uozo umefika kwenye kiini, yaani sehemu laini ya ndani ya jino yenye mishipa. Kisha atakueleza njia zilizopo: kuziba, kutibu sehemu ya juu ya kiini na kulivika jino kofia ya chuma, au kung'oa na kuweka kifaa cha kutunza nafasi. Akikimbilia koleo bila uchunguzi, tafuta mwingine.

Tanzania tuna matabibu wa meno wenye stashahada, madaktari wa meno waliosoma shahada ya miaka 5, na mabingwa walioongeza shahada ya uzamili. Si kila mtoto anahitaji bingwa; tundu dogo huzibwa vizuri na tabibu mzoefu. Mpeleke kwa bingwa mtoto mdogo mwenye meno mengi yaliyooza, au mwenye ugonjwa wa moyo, selimundu au usonji. Neno "bingwa" kwenye bango halitoshi: hakiki jina kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa Kenya, ya baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC.

Tazama pia kama kuna mizani. Ganzi ya mtoto hukokotolewa kwa kilo. Kwa dawa ya ganzi iitwayo lignokaini, ya asilimia 2, kikomo kinachotumika sana kwa watoto ni miligramu 4.4 kwa kilo. Mtoto wa kilo 15 hapaswi kuzidi miligramu 66, wakati kichupa kimoja cha mililita 1.8 kina 36. Vichupa viwili tayari vimevuka. Daktari asiyeuliza uzito anabahatisha. Na baada ya sindano uambiwe umchunge mtoto asitafune mdomo hadi ganzi iishe, kwa kawaida saa 2 hadi 3.

Anayejitolea kukwangua ufizi wa mtoto mchanga ili atoe "meno ya plastiki" usimkabidhi mtoto kabisa. Anachochimbua ni chonge changa ambalo halijaota, na kidonda chake huleta maambukizi yanayoweza kuua. Homa na kuharisha, ambavyo "meno" hayo husingiziwa, vitibiwe hospitali.

Kijana wa miaka 12 aulizwe mwenyewe, si mama yake pekee. Vyuma vya kupanga meno hukaa mara nyingi miezi 18 hadi 24, na asipoafiki hatavisafisha. Anaweza kuvuliwa vyuma akiwa na madoa meupe kwenye meno.

Mwisho, omba namba ya dharura ya kliniki. Jino la ukubwani liking'oka uwanjani, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama lina uchafu lisuuze kidogo bila kulisugua, lirudishe mahali pake au litie kwenye maziwa baridi, mfike ndani ya saa moja. La utoto usilirudishe: litaumiza jino linaloota chini yake.