Sativus, sativa, sativum: kivumishi kimoja, miisho mitatu

Nikisahihisha ripoti za wanafunzi wa botania, kosa moja halikosi: Allium sativa. Kwa jina lake la kisayansi, ambalo ni la Kilatini, kitunguu saumu ni Allium sativum. Mwanafunzi amelizoea sativa kwenye mpunga, Oryza sativa, akadhani neno halibadiliki. Linabadilika, tena kwa kanuni ambayo Mswahili anaijua tangu utotoni: kivumishi hufuata ngeli ya nomino yake. Kilatini kina jinsia tatu tu. Sisi ndio wenye mzigo mkubwa.

Asili yake ni kitenzi serere, kupanda mbegu. Kutoka umbo lake satum, ukiongeza -ivus, unapata sativus: cha kupandwa, kinacholimwa. Mzizi huohuo umezaa semen, yaani mbegu. Pliny, mwandishi Mroma aliyefariki mwaka 79 BK, alikwisha kulitumia kutenga mmea wa shambani na ule wa mwituni, silvestris. Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, alipochapisha Species Plantarum, kitabu chake cha majina ya mimea, mwaka 1753, akalibandika kwenye mazao chungu nzima.

Jina la jenasi, yaani neno la kwanza linalotaja kundi la mimea ya karibu, likiwa la kiume, andika sativus: figili ni Raphanus sativus. Likiwa la kike, sativa: habasoda ni Nigella sativa, saladi ni Lactuca sativa, na bangi, kama mnavyojua, Cannabis sativa. Lisilo la kiume wala la kike huchukua sativum, kama giligilani, Coriandrum sativum. Ila msitafute vina. Tango ni Cucumis sativus. Cucumis inaishia na -is, lakini ni ya kiume, na kinachotazamwa ni jinsia, si mlio.

Ukisoma maandishi ya dawa za mitishamba utakuta Bulbus Allii Sativi. Hapo mmea umekuwa mmiliki wa kitunguu chake, kwa hiyo nomino na kivumishi vyote vimegeuka kuonyesha umilikaji. Kwa habasoda ingekuwa Nigellae sativae.

Zafarani, Crocus sativus, ndiyo inayonichekesha. Jina linatokana na kupanda mbegu, na mmea wenyewe hautoi mbegu: una seti tatu za kromosomu, ni tasa, na wakulima huuzalisha kwa kugawa vitunguu vyake vya ardhini. Basi lichukueni neno hili kwa maana pana ya kulimwa.

Kisa cha njegere ndicho kigumu zaidi. Wengi tuliijua kama Pisum sativum. Wataalamu kadhaa sasa wanaiweka katika jenasi ya Lathyrus, ambayo ni ya kiume. Mtu angetarajia tubadilishe mwisho tu, iwe Lathyrus sativus. Haiwezekani: jina hilo lina mwenyewe, jamii nyingine ya kunde inayolimwa sana Ethiopia, ambayo ikiliwa kwa wingi kwa muda mrefu huweza kupooza miguu. Kwa hiyo njegere imepewa jina la Lathyrus oleraceus, na kivumishi chetu kimeachwa kabisa.