Kutengeneza au kununua nyingine? Kwanza jua kilichokufa

Wateja wengi wakiweka kompyuta mezani kwangu huuliza, “Fundi, hii itapona?” Karibu kila mashine hupona ukiwa na muda na pesa. Ninachotaka mteja aniulize ni kama inastahili kugharimiwa, na hilo silijibu kabla sijajua ni kitu gani kilichokufa ndani.

Chukua ile inayochelewa kuwaka, inayoganda ukifungua faili mbili tatu. Mwenyewe keshakata shauri kununua nyingine. Mimi naanza na diski. Mashine nyingi za namna hii bado zina diski ya kuzunguka, inayosoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, wakati SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya aina ya SATA hufika 500. Nafungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, na nikikuta sekta mbovu, yaani sehemu za diski zilizoharibika, zinaongezeka, najua diski hiyo haina siku nyingi. Kuweka SSD ndiyo matengenezo ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu bodi, yaani sakiti kuu ya mashine, ikifa kesho, SSD yako unaichomoa na kuihamishia kwenye mashine nyingine. Betri, kibodi, feni na chaja nazo hazinisumbui: bei ya spea inajulikana mapema na kazi huisha upesi.

Kioo kikiwa cheusi, usikimbilie kukinunua. Mulika kwa tochi ya simu ukiielekeza kwa pembeni. Ukiona picha hafifu sana, kinachokosekana ni mwanga wa nyuma tu. Kisha unganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, bodi ina uhai.

Bodi ndiyo hunifanya nisite, hasa iliyomwagikiwa chai ya maziwa. Ukiifungua baada ya wiki moja unakuta ukoko wa kijani kwenye miguu ya chipu za karibu na tundu la chaji. Naweka mita ya kupimia umeme kwenye njia ya volti 19 inayotoka kwenye chaja, inalia: shoti. Pengine nitaitoa kapasita moja (kijisehemu cha kutunza umeme) iliyoungua na mashine itawaka palepale, mteja akatabasamu. Lakini sukari na maziwa vimeshaingia chini ya chipu, mahali ambapo brashi haifiki, na kutu inaendelea kula taratibu. Kwa hali hiyo husema wazi: nitakuokolea mafaili yako, pesa ya bodi iweke kwenye mashine nyingine. Najua inauma, hasa kwa mwanafunzi ambaye wazazi walijinyima kumnunulia. Kulipia bodi ileile mara mbili kunauma zaidi.

Watu wengi hulinganisha gharama ya fundi na bei ya kompyuta mpya dukani, wakaona matengenezo ni rahisi. Linganisha na mtumba wa aina ileile ulio mzima, maana hapa Dar es Salaam, Kariakoo na kwingineko, mtumba huo unapatikana. Gharama ikivuka nusu ya bei yake, mimi hushauri kuachana na mashine mbovu.

Halafu angalia prosesa, ubongo wa kompyuta. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo) na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. Ile ya kizazi cha 6 nitaiwekea SSD na Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, kwa moyo mmoja, kwa mtu wa kuandika barua na kusoma mtandaoni. Kuibadilishia bodi, hapana. Zile ndogo zenye RAM ya gigabaiti 4 iliyochomelewa kwenye bodi nazo huwezi kuziongezea RAM. Hapo hata mimi sina la kufanya.

Ukikubali bodi ibadilishwe, uliza kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha mafaili. Ufunguo wake hukaa kwenye TPM ya bodi ya zamani, kwa hiyo bodi mpya itakudai namba ya kufungulia yenye tarakimu 48. Bila hiyo, mafaili hayafunguki, hata uende kwa fundi gani. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, itafute, iandike kwenye karatasi, ndipo umkabidhi fundi mashine.