Giaboksi otomatiki ya mtumba kwa Corolla NZE121: nunua kwa namba, si kwa jina la gari

Ukifika dukani Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi ukasema "naomba giaboksi otomatiki ya Corolla", umemruhusu muuzaji akupe chochote. Corolla NZE121 yenye injini ya 1NZ-FE hutumia U340E, ya gia nne. ZZE122 yenye 1ZZ-FE hutumia U341E. NZE124 ni 4WD, kwa hiyo ina U340F yenye njia ya kupeleka nguvu matairi ya nyuma. Axio NZE141 iliyokuja 2006 ina K310, ambayo ni CVT: badala ya gia ina mkanda wa chuma na puli mbili. Zote ni "za Corolla", na zinaweza kuwa zimelala sakafu moja ya duka.

Anza na kibati cha gari lako. Kwenye Toyota zilizotoka Japani huwa ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, au kwenye nguzo ya mlango. Tafuta mstari wa TRANS/AXLE. Utaona namba ya giaboksi pamoja na alama fupi ya tarakimu na herufi. Piga picha, nenda nayo dukani.

Namba kuu hutaja familia, alama fupi hutaja toleo. Probox NCP51 na Ist NCP61 nazo zina 1NZ-FE na U340E, ndiyo maana mafundi huzichukulia zote kuwa kitu kimoja. Mara nyingi inawezekana, lakini mabano ya mauntingi, mkono wa waya wa gia na uwiano wa difu (gia ya mwisho inayopeleka nguvu kwenye shafti za matairi) vinaweza kutofautiana. Mabano na mkono utavihamisha kutoka giaboksi yako. Difu ndiyo shida: ikiwa na uwiano mwingine, injini itazunguka juu mno barabara kuu au gari litakuwa zito kuondoka, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya giaboksi, itakuwa inabadili gia kwa hesabu isiyo ya gari hilo. Alama fupi zikitofautiana, uliza imetoka kwenye gari lenye injini gani. Kama ni 2NZ-FE ya cc 1300, iache.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha giaboksi yako imekufa kweli. Giaboksi nyingi hushushwa kwa sababu ya solenoidi moja (valvu ndogo ya umeme inayoelekeza oili) au oili iliyopungua. Pima oili kwanza, kisha soma makosa kwa mashine. Kosa namba P0750, kwa mfano, huelekeza kwenye solenoidi ya kubadilishia gia au waya wake, na solenoidi hubadilishwa kwa kufungua sampu tu, beseni la oili lililo chini ya giaboksi. Sampu ikishafunguliwa, angalia sumaku zake. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa vinavyokwaruza kidole, au oili nyeusi inayonuka kuungua pamoja na masalia ya klachi, maana yake kazi imekwisha. Hapo solenoidi mpya ni kupoteza pesa.

Dukani, usiridhike na giaboksi iliyooshwa ikang'aa. Chomoa kijiti cha kupimia, au fungua nati ya chini, uone na unuse mabaki ya oili. Inapaswa kuwa nyekundu au ya kahawia nyepesi. Ikiwa ya rangi ya maziwa, maji yameingia, usiinunue hata kwa nusu bei: uso wa klachi za ndani ni wa kama karatasi uliogandishwa kwa gundi, na maji huulegeza. Ndiyo maana natazama sana matundu ya bomba za kupozea na ya shafti. Giaboksi iliyolala nje bila vifuniko imenyeshewa mvua, hata kama muuzaji anaapa. Kagua masikio ya boliti kama yana ufa, soketi kama waya zimekatwa na panga au zimechomolewa vizuri. Omba muuzaji afungue sampu. Akikubali, tazama sumaku kama ulivyotazama za kwako. Akikataa, nenda duka jingine.

Toki konveta, ile ngoma ya oili inayounganisha injini na giaboksi, ije na giaboksi yake. Usirudishe ile ya zamani kwenye giaboksi nyingine, kwa sababu ndani yake kuna uchafu usioweza kuusafisha bila kuipasua. Ukipata giaboksi ambayo bado imefungwa kwenye injini yake, ichague hiyo kwanza, maana hakuna ubishi kuhusu ilikotoka.

Garantii iandikwe kwenye risiti, na usome inaanza lini. Nyingi huhesabiwa tangu siku ya kununua, si siku ya kufunga, kwa hiyo nunua wakati gari liko tayari juu ya jeki.

Kinachoua giaboksi ya pili mara nyingi ni uchafu wa ile ya kwanza. Oili hupozwa kwenye bomba linalopita ndani ya rejeta, na chembe za chuma hubaki humo. Safisha bomba hilo kwa kimiminika cha kusafishia, kisha hewa ya presha ndogo, mpaka kinachotoka kiwe safi. Kama oili na maji ya rejeta vilichanganyika, rejeta ibadilishwe. Hapo hakuna cha kuokoa.

Giaboksi ikiwa bado chini, badilisha sili ya mbele, sili mbili za shafti, filta na gasketi ya sampu. Sili ya nyuma ya injini nayo ibadilishwe sasa, kwa sababu kuifikia baadaye ni kushusha kila kitu upya.

Kisha toki konveta, na hapa ndipo pampu nyingi hufa kabla gari halijawashwa. Inatakiwa iingie hatua tatu: meno ya shafti, meno ya stata (ya ndani ya konveta, si stata ya kuwashia injini), na ndimi za pampu. Mimina oili kidogo ndani yake, isukume huku ukiizungusha mpaka uisikie ikidondoka kila hatua. Giaboksi na injini lazima zikutane kwa mkono, bila kuvutwa kwa boliti. Kukibaki nafasi, simama, toa, rudia. Ukikaza boliti ili kuziba nafasi hiyo, unavunja pampu. Hakikisha pia pini za mwongozo zipo. Bila hizo giaboksi hukaa pembeni kidogo, bushi ya pampu huliwa na sili huvuja.

Oili ya U340E ya NZE121 ni ATF Type T-IV. Usichanganye na WS ya Toyota za baadaye, na usiiweke kwenye K310, inayotaka oili ya CVT. Ukifungua nati ya chini hutoka kama lita tatu tu, lakini giaboksi kavu pamoja na toki konveta hubeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Jaza kidogo kidogo. Injini ikiwa inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, shika breki, peleka mkono wa gia kuanzia P hadi L na kurudi, ukisubiri kidogo kila nafasi, kisha pima kwenye alama ya moto (HOT) ya kijiti, oili ikiwa nyuzi 70 hadi 80. Ikizidi hutoa povu, na povu halijengi presha.

Giaboksi ya zamani usimwachie fundi mpaka garantii iishe. Sensa, mabano na hata valvu bodi yake (kipande chenye njia za oili na valvu) vinaweza kuhitajika, na muuzaji akikubali kubadilisha mzigo atataka kuona kwamba ile aliyokuuzia ndiyo unayomrudishia, kwa hiyo ipige picha namba yake siku ile ile unayoinunua.