Mtihani wa Ijumaa hauonyeshi nani ameiva

Juzi tena, kwenye kikao cha tathmini hapa Mbeya, mtu akasimama na karatasi yake: kabla ya semina wakunga walipata hamsini na kitu kwa mia, siku ya kufunga, Ijumaa, wakapata tisini na kitu, kwa hiyo mafunzo yamefanikiwa. Makofi. Nimefundisha mafunzo kazini kwenye wodi za wazazi miaka kumi na moja, na nimechoka kunyamazia hesabu hiyo.

Mtihani wa Ijumaa unapima kilichosikika Alhamisi. Kusahau hukimbia zaidi siku za mwanzo. Ebbinghaus, mtafiti Mjerumani wa kumbukumbu, alilionyesha hilo tangu 1885.

Linaloniumiza ni jingine. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walirudia kusoma, wengine wakaandika wanachokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, waliojikumbusha ndio wakawa mbele. Maana yake mtihani wa papo hapo unaweza kumpa ushindi mwalimu anayefundisha vibaya! Anayesoma slaidi moja baada ya nyingine anaondoka na tisini zake. Anayefunga vitabu na kuuliza, "Sista, mtoto hajalia, unafanya nini?" anaandikiwa kwenye fomu ya maoni kwamba semina ilikuwa ngumu.

Kule Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipopewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, walifanya vizuri kwenye mdoli wa mazoezi, ule wa umbo la kichanga, lakini utendaji wodini haukubadilika. Yalipoletwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikapungua.

Nimeyaona kwa macho yangu. Kwenye kituo kimoja huku milimani tuliukuta mdoli wa mazoezi kabatini, bado kwenye boksi. Tukauweka mezani dakika chache kabla ya kukabidhiana zamu. Mkunga mwenye cheti cha miezi mitano nyuma akabinya ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa kupitia maski, mara kumi, kifua hakikuinuka hata mara moja. Hewa ilikuwa inatoka chini ya kidevu, unaisikia kabisa, na shingo ilikuwa imeinama. Sikusema kitu. Akasita, akakiweka kichwa sawa, akaibana maski upya, kifua kikapanda. "Mwalimu, kumbe mkono ulishasahau." Kesho yake aliomba aanze yeye.

Lakini kuna linalonikosesha usingizi. Mdoli haubadiliki rangi, na usiku kwenye vituo vyetu mkunga huwa peke yake, huku mama naye anatoka damu. Mazoezi ya watu wawili mchana hayamwandai kwa hilo. Siku hizi kila mmoja namtaka ajaribu peke yake, saa ikihesabu ile dakika ya dhahabu, yaani dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa, ambayo mtoto awe anapumua au anasaidiwa kupumua. Sithubutu kusema inatosha.

Kwa semina ya mwezi ujao nimeomba mtihani ufanyike wiki sita baadaye, kituoni, bila taarifa, kwa mdoli na ambu badala ya karatasi. Nimejibiwa kwamba siku hiyo haina fungu la posho. Nitakwenda hivyohivyo, Tukuyu si mbali.