eFootball 2022: yanayosemwa vibandani na yaliyotokea kweli

Tangu Konami, kampuni ya gemu ya Japani, waifute gemu yao ya mpira ya PES na kuleta eFootball, vibanda vya gemu vya Arua na vile vya Kisenyi, Kampala, vimejaa wachambuzi. Kila mmoja ana sababu yake ya eFootball kuanguka vibaya ilipotoka 2021, na nyingi ya sababu hizo hazisimami zikiguswa. Naanza na ile inayonikera zaidi.

"Gemu ya bure, mnalalamikia nini?"

Bure kwa nani? eFootball 2022 ilitoka tarehe 30 Septemba 2021. Julai ya mwaka huohuo serikali ya Uganda ilikuwa imeanza kutoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data, baada ya kuachana na ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kuingia mitandao ya kijamii. Kwa hiyo kila gigabaiti uliyopakua ulikuwa umeilipia, na bando likikata njiani unaongeza. Arua kulikuwa na mtihani mwingine: wakati huo West Nile, eneo iliko Arua, ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa, na mtu alipakua gemu kwa kuvizia umeme.

Halafu mtazame mwenye kibanda. Yeye hauzi gemu, anauza mechi. Unaweka mia tano, anayefungwa anaachia pedi, wa kwanza kwenye benchi anakaa. Biashara hiyo inataka timu, na eFootball ilianza na tisa tu: Barcelona, Bayern, Juventus, Manchester United, Arsenal, na nne za Amerika Kusini, yaani Flamengo, Corinthians, São Paulo na River Plate. Shabiki wa Liverpool au Chelsea akiingia, umpe nini? River Plate? Master League nayo, ile ya kuendesha timu msimu hadi msimu, ambayo watu waliizoea kwa miaka, haikuwemo. Mteja anainuka anakwenda kibanda cha jirani kwenye PES ya zamani, na ile "bure" mwenye kibanda anaihesabu kama hasara.

"Watu walikasirikia sura tu."

Sura zilichekesha, sitabisha. Picha za Messi na Ronaldo wenye nyuso za ajabu zilizunguka kwenye simu kuliko magoli yenyewe. Lakini mchezaji wa kibanda hatazami sura, anatazama mpira. Kwenye PES, kila mtoto wa benchi anajua kushikilia kitufe cha mraba ili beki wa pili aje kumbana mwenye mpira. Hicho kidole kilikuwa kinajiendea chenyewe. eFootball ilipotoka, amri hiyo haikuwepo! Unabonyeza, mwenzako anasimama anaangalia. Pasi zilikuwa nzito, wachezaji wanageuka kama wamevaa gambuti. Konami wenyewe waliomba radhi siku iliyofuata, na katika maelezo yao walitaja kasi ya pasi, ulinzi na mwenendo wa mpira pamoja na hizo nyuso.

"Ni watu wa FIFA waliochafua jina."

Yaani wachezaji wa FIFA, gemu ya EA iliyoshindana na PES. Hapa pana chembe ya ukweli. Gemu ikiwa ya bure, yeyote anaweza kuipakua Steam, duka la gemu la mtandaoni, akacheza kidogo, akaiponda. Ndani ya siku moja eFootball ilikuwa imeshuka hadi mkiani kabisa mwa gemu zote za Steam kwa maoni ya wachezaji, na bila shaka wapo waliokwenda kujifurahisha tu. Ila Steam ni ya kompyuta, na vijana wetu wengi wanachezea PlayStation na simu. Waliokuwa wakilaani pale Kisenyi hawakuwa wamesoma maoni ya mtu. Tena waliolaani kwa uchungu zaidi ni walewale waliobishana na watu wa FIFA miaka yote wakiitetea PES.

"Watengenezaji ni wavivu."

Uvivu haukuwa tatizo, na maelezo haya yanawapa nafuu wasiostahili. PES 2021 ilikuwa ni PES 2020 iliyobadilishiwa usajili na jezi, ikauzwa kwa bei ya chini, na Konami walisema wazi kwamba nguvu wamezipeleka kwenye gemu ya kizazi kipya. Watu wakasubiri miaka miwili. Nyuma ya pazia, mafundi walikuwa wanaiacha Fox Engine, injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) iliyobeba mfululizo huo tangu PES 2014, na kuhamia injini ya Unreal, huku wakitakiwa kutengeneza kitu kimoja cha kuendeshwa kuanzia simu hadi PS5. Kazi ya namna hiyo haijali tarehe.

Lakini tarehe ilishapangwa, Messi na Neymar wameshawekwa mbele kama mabalozi, na trela zinapiga upatu. Kilichotolewa kilibeba namba 0.9. Yaani hata kwa hesabu yao wenyewe haikuwa imekamilika, na bado waliifungulia dunia nzima. Toleo la 1.0 liliahidiwa Novemba, likasogezwa, likatoka tarehe 14 Aprili 2022, na humo ndimo amri ya kumwita beki wa pili iliporudi. Waliokuwa wamelipia mapema kifurushi cha wachezaji walirudishiwa pesa zao. Uamuzi wa kutoa kitu kibichi haufanywi na anayeandika programu. Huo unatoka ofisi za juu.

"Gemu ilikufa siku ileile."

Iliumia, haikufa. Toleo la simu lilifika katikati ya 2022, na simu ndiyo iliyoiokoa, hapa kwetu pia, maana Android ya bei ya kawaida iko mfukoni mwa wengi na PS5 iko kwa wachache. Kisha likaja la kushangaza wabishi wa pande zote mbili: shirikisho la soka la FIFA lilipoachana na EA, mashindano yake ya gemu ya FIFAe World Cup ya 2024 kule Riyadh yalichezewa kwenye eFootball. Wale waliosema mashabiki wa gemu ya FIFA ndio waliochafua jina la gemu sasa wanalazimika kueleza hilo.