Mkuu wa shule ya upili Kenya: yasemwayo na yaliyo kweli

Wazazi wengi huamini kuwa mkuu wa shule ana uwezo wa kumfukuza mwanafunzi papo hapo. Hana. Anaweza kumsimamisha masomo kwa muda. Kisha bodi ya usimamizi humsikiliza mwanafunzi na mzazi wake, na kufukuzwa kabisa huamuliwa katika ngazi iliyo juu ya shule yenyewe. Kiboko nacho kilipigwa marufuku mwaka 2001.

Dhana inayowaponza wakuu wenyewe ni kwamba hela za shule ni zao kupanga. Tangu 2018 mgao wa serikali ulikadiriwa kuwa Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, utumwe kwa mihula: asilimia 50, 30, kisha 20. Fedha hizo hugawanywa kwa mafungu ya matumizi, na kila fungu lina kazi yake. Chakula cha bweni hutegemea karo, na karo ikichelewa, muuza maharagwe hubisha hodi. Mkuu huchota fungu la ukarabati akitumaini kurudisha muhula ujao. Hajaiba hata senti, lakini mkaguzi akikuta vocha ya maharagwe kwenye fungu la mabati, bila kumbukumbu za kikao cha bodi, mkuu anaweza kumwaga unga. Dawa ni kuita bodi kabla ya kulipa. Ndani ya bodi hiyo yeye ni katibu tu, si mwenyekiti.

Tena kuna wanaosema Carey Francis ndiye mwanzilishi wa shule ya upili ya Alliance. Shule ilifunguliwa 1926 chini ya G. A. Grieves. Francis, mwanahisabati wa Cambridge, alihamia huko kutoka shule ya Maseno, akaiongoza Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Wala hakurudi Uingereza kupumzika: alikwenda Pumwani, Nairobi, akafundisha darasani hadi alipofariki 1966. Miaka 22 kituo kimoja ni nadra leo, kwa kuwa tume ya walimu huwahamisha wakuu, na umri wa kustaafu ni 60.

Uhamisho nao si kufunga mizigo tu. Waweka saini wa benki hubadilishwa, vitabu vya hundi na daftari la mali huhesabiwa mbele ya mashahidi. Kinachosahaulika mara nyingi ni vyeti vya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwenye sefu. Wapo wanaodhani ni halali kuvizuia kwa deni la karo. Sheria ya baraza la mitihani inakataza. Kila cheti kiandikwe jina, mwaka na nambari, na mkuu mpya atie saini baada ya kuvihesabu kimoja kimoja, la sivyo kitakachokosekana kitadaiwa kwake.