Busaa imeenda wapi?

Ukitia maji lita 40 kwenye pipa la busaa, pombe yetu ya kienyeji ya mahindi na wimbi, siku ya kuchuja ukapata 28, lazima atafutwe mwizi. Huku magharibi mwa Kenya nimeona mashemeji wakinuniana wiki nzima kwa pengo kama hilo. Mmoja alilala chumba chenye pipa, basi ndiye aliyekunywa.

Wa kwanza kumtetea husema busaa "ilichemka usiku" ikapungua. Ni kweli pipa hutokota na kutoa povu, lakini kuchachuka si kuchemka. Vile viputo ni kaboni dayoksaidi, hewa inayotolewa na chachu ikila sukari. Gramu 100 za sukari huzaa takriban gramu 51 za alkoholi na gramu 49 za hewa hiyo. Kwa hiyo uzito hupungua kweli, ila kilichoondoka kilikuwa sukari, si maji. Mvuke nao ni kidogo sana pipa likifunikwa. Chungu cha udongo ndicho chenye udhuru, kwa sababu hutoa jasho ubavuni, na jasho hilo hilo ndilo hukipoza. Na povu likifurika hadi sakafuni, hiyo ni hasara ya kujitakia. Acha robo ya chombo tupu.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi ni hii: "Unga ulikandwa kwa maji tangu siku ya kwanza, ushashiba, hauwezi kunywa tena." Fuata safari ya unga wenyewe. Unga wa mahindi hukandwa, ukaachwa siku mbili tatu uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati lenye moto hadi uwe chenga za kahawia. Hapo moto umefukuza maji na kuuivisha wanga. Chenga hizo zikitiwa kwenye pipa la maji pamoja na kimea cha wimbi, yaani wimbi lililooteshwa, hunywa kama shamba la mwezi wa Januari. Yaani nafaka ile ile imenyweshwa mara mbili, na mara ya pili ina kiu kuliko ya kwanza.

Nafaka kavu ya ghalani huwa na maji asilimia 12 au 13 hivi. Machicha, yaani nafaka inayobaki baada ya kuchuja, yasipokamuliwa sana huwa na maji robo tatu ya uzito wake, pengine zaidi. Kwa hiyo kabla hujamshika mtu shati, pima machicha. Yakiwa kilo 16, ndani yake kuna kama lita 12 za kinywaji, na zile lita 12 zilizokuwa zinaleta ugomvi ndizo hizo. Wanaotengeneza bia ya shayiri nyumbani hupanga mapema: kila kilo ya kimea huhesabiwa kushika lita moja hivi. Unga laini hukamulika kwa shida kuliko shayiri iliyopasuliwa tu, kwa hiyo mpishi wa busaa asitegemee nafuu kuliko hiyo.

Kuna wanaopunguza kimea wakidai "nacho ni nafaka, kinanyonya". Hapa wamegeuza mambo. Pika uji mzito, uache upoe kidogo uwe moto wa kuunguza kidole bila kuchemka, kisha koroga kijiko cha unga wa kimea. Baada ya dakika chache unakuwa mwepesi. Vimeng'enya vya kimea hukata wanga kuwa sukari, na maji yaliyokuwa yamefungwa humo yanaachiliwa. Ukibania kimea, unapata machicha mazito na busaa kidogo.

"Ukikamua sana inakuwa chungu" ni hofu tu, kwa sehemu kubwa. Ukali wa maganda hutoka zaidi kwenye maji ya moto sana yasiyo na uchachu, na busaa ina uchachu. Utakachoongeza ni uzito wa kinywaji, na busaa nyepesi kama chai nani anaitaka?

Halafu yuko anayejaza maji baridi mwishoni kufidia, huku akisema Wateso wanafanya hivyo. Hapana. Ajono, pombe yao ya wimbi, haichujwi. Chungu hubaki na nafaka, watu hukizunguka na mirija mirefu yenye kichujio ncha ya chini, na maji moto huongezwa kidogo kidogo. Kila mmimino unasafisha kilichobaki kwenye nafaka, na kila mnywaji anajua inazidi kuwa nyepesi. Busaa iliyokwisha kuchujwa haina cha kusafishwa. Kama unataka lita zaidi, mwagia machicha maji ya uvuguvugu kidogo, uyakamue tena, kisha changanya na ile ya kwanza.

Wengi hawasumbuki. Machicha hubebwa yakiwa yamelowa hivyo hivyo, yakamwagiwa nguruwe. Nguruwe wa nyumba ya busaa hulala mapema, na hakuna shemeji aliyewahi kumshuku.